Kadi ya Mlinzi wa Bwawa

Miaka kumi na mmoja nimelinda maji yasiyoibika.
Bwawa la hoteli, Shanzu, zamu ya usiku:
tochi, rungu, kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi,
na ule mraba wa buluu ukinong'onezana na pampu yake.
Niliyajua maji kwa juu tu,
kama unavyomjua jirani kwa paa la nyumba yake.

Mbeyu aliacha kukuna nazi nilipomwambia.
"Kuzamia? Na miaka arubaini na saba?
Kwani huku juu kumejaa?"

Wanasema maji ukiyavulia nguo, yaoge.
Mimi niliyavalia.
Suti ya mpira iliyonibana hadi aibu,
mtungi mgongoni, na kiunoni mkanda wa risasi.
Risasi, hatimaye,
mimi niliyelinda mali ya watu kwa kipande cha mti.

Mwalimu ni Nyevu Mwachai, binti wa Mtongwe,
rika moja na kifungua mimba wangu.
"Kanuni ya kwanza, mzee, usizuie pumzi. Kamwe.
Ya pili, ukizisahau zote, rudi kwa ile ya kwanza."

Somo la kwanza likawa bwawani mwangu,
saa nne asubuhi, wageni wakinywa juisi ya ukwaju.
Nikapiga magoti kwenye vigae nilivyovimulika usiku elfu.
Vua barakoa, alisema kwa mikono. Ivae. Itoe maji.
Shufaa, mwanafunzi wa ualimu, aliweza mara moja.
Mimi klorini ilinipanda hadi utosini
nikaruka juu kama kizibo,
mara tatu, mbele ya meneja.

Mara ya nne nilibaki.
Na katika kubaki, nikauona
kwenye wavu wa kutolea maji
ufunguo wa chumba mia moja na kumi na nne,
tulioutafuta Desemba nzima,
uliomkatia mshahara Chirima, kijana wa usafi.

Kuna lugha ya kule chini.
Kidole gumba juu si "poa";
maana yake twende juu, kazi imekwisha.
Niliwaaga hivyo wenzangu siku nzima nikidhani nawasifu.

Mtihani wa karatasi niliuanguka.
Shinikizo. Neno hilo nililijua zahanati,
ile bendi ya mkononi, yule nesi anayekunja uso.
Nyevu akachukua puto la sherehe:
"Mita kumi chini, hili linabaki nusu."
Basi nikaelewa. Nami nimewahi kubaki nusu.

Kisha bahari, nje ya mwamba wa Nyali.
Ziba pua, puliza, meza. Masikio yakafunguka
kama mlango ulioacha kubishana na bawaba.
Pumzi yangu niliisikia kwa mara ya kwanza,
mtu anafagia uwanja, mbali, bila haraka.
Pono walitafuna mwamba kama watoto na miwa.
Na ndani ya pango lake chewa mmoja, mdomo wazi,
alinitazama kwa jicho nilijualo:
saa tisa za usiku, chai imeisha, hajaja wa kukupokea.
Nikampa ishara ya sawa. Hakujibu. Yuko kazini.

Kadi imekuja. Wameandika MWANGANDI,
herufi moja zaidi ya ile niliyozaliwa nayo.
Mbeyu aliigeuza, akainusa.
"Haya, na huko chini?"
Nikasema, kumejaa pia, ila hawasukumani.
Akarudi kwenye mbuzi yake, mabega yakimcheka.

Ufunguo nilimpelekea meneja.
Alisema "Aa," akautia kwenye droo.

Usiku huu taa za bwawa zinawaka, pampu inasema yake.
Kiti kimeegemea ule mguu mfupi.
Navuta. Natoa. Sizuii.
Kesho saa mbili, akifika ofisini,
nitakuwa nimesimama mlangoni mwake, na Chirima kando yangu,
na hewa ya kutosha.