Ulingo

Miaka kumi na tisa nilichapa Taarifa Rasmi za Bunge.
(Makofi), (Kicheko), kengele ya kwanza:
mengi niliyasahau kabla wino haujakauka.
Ya Chidawali yamenikaa.

Wenzake walikuja Dodoma kwa ndege.
Yeye alitoka Handali, asubuhi moja kwa baiskeli,
na koti la kuazima.
Juzi yake alikuwa akiberega shamba;
siku ya kiapo udongo ulikuwa bado kwenye kucha.
Alificha mikono chini ya meza,
kisha akaitoa.

"Mheshimiwa Spika, kwetu ulingo
ni miti minne na fito juu yake.
Mtoto hupanda jua halijatoka,
ana kombeo, ana debe bovu,
anapiga ukelele mpaka koo linakauka
ili kwelea kwelea wasitue kwenye uwele.
Nilipanda nikiwa na miaka sita.
Mliponiambia siasa nayo ina ulingo wake,
nikasema, kumbe kazi naijua."
(Kicheko.)
Akauliza ndege ya kunyunyiza dawa itakuja lini.
Waziri akajibu: mchakato unaendelea.
(Makofi.)
Nikachapa.

Bunge la bajeti huangukia mavuno, kila mwaka.
Sechelela, mkewe, alivuna peke yake,
akamtumia uwele mpya kwenye mfuko wa sukari.
Nilimkuta mkahawani akitafuna punje moja moja,
chai inapoa, akinihesabia magunia:
mwaka wa kwanza kumi na mawili,
wa pili saba,
wa tatu manne na nusu.
Wa nne hakuhesabu. Suti zilikuwa tano.

Mwaka huo huo, mjumbe wa Bahi alipouliza habari ya ndege,
Chidawali, sasa Naibu Waziri, alisimama,
akafunga kifungo, akasema:
mchakato unaendelea.
Vidole vyangu vilisita,
nikadhani sikio limekosea.
Nikarudisha mkanda nyuma. Halikukosea.

Hakuchaguliwa tena.
Nami nikastaafu, na mwezi wa nne
nikapita Handali kwenye msiba wa shemeji.
Debe lililia kabla sijamwona:
yuko juu ya fito, miguu mitupu,
sauti imebaki nusu,
na wingu la ndege linashuka, linanyanyuka, linashuka.

"Karani! Unaandika?"

Nikamwambia sina mashine.

"Basi okota jiwe."