Sifuri ya Doto

Saa kumi na mbili na robo, Jumatatu ya kwanza ya mwezi,
kivuko cha Kamanga hakijapiga honi.
Navipanga mezani vipimamionzi kumi na viwili,
mita moja kutoka kwenye kopo la risasi.
Nafungua kifuniko, narudi nyuma ya ukuta,
dakika kumi. Chai inapoa.

Cha Nyamizi: sawa.
Cha Daktari Rwegasira: sawa, pungufu kidogo,
kama mwenyewe anaporudisha chenji.
Cha Limi hupayuka simu ikiita mfukoni.
Huyo ni mwongo wa kelele, tumeshamzoea,
simu ikiwekwa mbali anatubu.

Halafu wale pacha waliokuja kwenye boksi moja,
tukawaita Kulwa na Doto.
Kulwa anasoma ninachokitarajia.
Doto: sifuri.

Nabadilisha betri. Sifuri.
Namgeuza, namsogeza nusu mita. Sifuri.
Kioo kinang'aa, tarehe sahihi, saa sahihi,
kila kitu sahihi isipokuwa kazi yake.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo.
Hiki hakina. Ndiyo maana nakiogopa.

Nafunika kopo. Natoka nao nje,
nawalaza juu ya jabali nyuma ya stoo ya mashuka,
pale mijusi kafiri wanapoota jua.
Kulwa anahesabu polepole: moja,
kimya,
mbili.
Mawe haya yana neno lao la tangu kabla ya ziwa,
dogo, halimdhuru mtu, lakini lipo.
Mwanza nzima haina mahali pa sifuri.

Na Malando amemvaa Doto tangu Agosti,
siku ile alipoinama Kirumba kuchagua sangara
akamdondosha majini, akamfukia kwenye mchele usiku kucha,
asubuhi akawaka. Tukapiga makofi.
"Mimi mionzi inaniogopa," anasemaga kila mwisho wa mwezi
akitia saini chini ya sifuri yake.

Narudi mezani. Nafungua daftari.
Agosti, sifuri. Septemba, sifuri. Oktoba.
Nazikata kwa rula na wino mwekundu,
na pembeni siandiki namba,
naandika: haijulikani.

Neno refu. Haliingii kwenye kisanduku,
linafurika hadi kwenye safu ya jina lake.

Honi ya kivuko. Viatu vyake ngazini,
anapiga mluzi,
ameshanyoosha mkono kumpokea Doto.