Kikombe Kikavu

Muuguzi wa Kiko alifunga kile kitambaa mkononi,
akapuliza, akasubiri, akapuliza tena,
kisha akamwambia mama kwa Kitooro cha upole:
"Abwoli, presha imepanda mlima.
Chumvi punguza. Sukari acha.
Chai kunywa, lakini kavu."

Kavu! Mama alicheka hadi barabarani.
Yeye wa vijiko vinne,
na cha tano akikilamba akidhani sioni;
yeye ambaye chai bila maziwa huiita
maji ya kuoshea sufuria ya msiba.

Miaka ishirini na tisa amechuma,
majani mawili na chipukizi, mawili na chipukizi,
aproni ya plastiki ikitiririka umande magotini,
vidole vimeingia weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa ndimu.
Kilo kwa kilo zilipita kwenye mizani ya kampuni,
zilizo bora zikapanda lori la Mombasa,
nasi tukanunua vumbi lake dukani kwa Kahwa,
tukalizika ndani ya sukari.
"Tangu lini," aliniuliza, "mchumaji akaijua ladha?"

Jioni ile nilichemsha maji, nikatia majani kiasi,
nikavunja tawi la mujaaja linalojiotea nyuma ya choo,
na tangawizi, kipande cha ukubwa wa kucha. Basi.
Akanusa. Akakunja uso. Akanywa.
Akanyamaza muda wa jirani kwenda kisimani na kurudi.
"Kumbe hunukia hivi," akasema,
"kama shamba saa kumi na mbili asubuhi,
kabla msimamizi hajapiga kengele."

Sasa hunywa kila jioni, mkekani,
mabuti ya mpira kando, miguu imenyooka
kuelekea Rwenzori, nayo imejifunika wingu.
Mwezi wa tatu muuguzi akapuliza, akatazama, akatabasamu:
"Imeshuka. Chai imefanya kazi yake."

Sibishani na muuguzi.
Usingizi umerudi, kichwa hakigongi,
pumzi haimkatikii tena kwenye kile kilima cha kanisa.
Ila mimi niliyeishi naye najua:
tangu nizaliwe
hakuna dawa iliyomketisha mama nusu saa nzima,
mikono yake haichumi kitu,
imeshika joto tu.

Labda ni jani.
Labda ni kuketi.
Yeye haulizi. Anasogeza kikombe:
"Atwoki, ongeza.
Na hicho kijiko ulichoficha nyuma yako
kirudishe kwenye kopo la sukari. Nimekuona."