Sarafu za Lifti

Lifti ya jengo letu, hapa Tbilisi, hula sarafu.
Tetri ishirini kupanda. Kushuka ni bure:
hata jiwe hushuka bure, husema bibi Tsiala.
Kaka yangu Nugzari hupanda ngazi ghorofa zote tisa,
akifika juu anahema kama mvukuto uliotoboka,
na sarafu yake iko mfukoni, salama, haina kazi.

Ndivyo anavyocheza pia.

Usiku, bibi akishalala, tunaketi mbele ya kompyuta
ambayo feni yake inakohoa kutuzidi sisi,
na mwizi wetu asiye na jina anaruka ukuta wa kasri.
Begani ana mkoba: mabomu ya moshi,
vishale vya usingizi, chupa tupu, sarafu za kurusha,
kidude cha kuzima kamera chenye betri ya sekunde tisa.
Nugzari hagusi kitu. Anajibanza kivulini
dakika kumi, kumi na mbili, chai inashika utando,
mpaka mlinzi apige miayo na kugeuka mwenyewe.
"Tumia moshi," namwambia.
"Bado. Mbele kuna pagumu zaidi."

Nikishika kipanya mimi, mkoba huwa mwepesi
kabla ya lango la pili. Chovya chovya, ananicheka.
Lakini nimejifunza kwa kufa mara nyingi
mambo ambayo yeye hayajui kwa kuishi.
Sarafu usiitupe miguuni pa mlinzi, atainua macho;
itupe mbali, kule unakotaka atazame
huku amekupa kisogo.
Kishale cha kwanza ni cha mbwa. Mbwa hadanganyiki na mlio,
yeye husoma jasho.
Kamera izime ukiwa umeshaanza kukimbia,
maana sekunde tisa ni saba, mbili huliwa na woga.
Na moshi, hapa ndipo wengi hukosea,
moshi si wa kuingilia. Ingia na giza, giza halinunuliwi.
Moshi uweke wa kutokea,
wakati kila mtu ameshajua uko wapi.
Chupa sijawahi kuielewa. Kila niliporusha chupa nilikufa.

Februari Nugzari akaumaliza mchezo.
Skrini ikaandika hesabu: mabomu ya moshi, thelathini na moja.
Vishale, kumi na vinane. Sarafu, mia na sita.
Kisha majina ya waliouunda yakaanza kupanda,
yakapanda, yakapanda, na mkoba ukaenda nayo.
"Kumbe hakukuwa na mbele," akasema.
Nilitaka kucheka. Sikucheka.

Machi akaenda Gdansk, kupanga masanduku ghalani.
Koti lake la zamani likabaki msumarini,
limeinama upande mmoja. Nikatia mkono:
mfuko umetoboka, na chini, ndani ya bitana,
tetri, tetri, tetri, nyingine zimenatana kwa peremende.
Miaka ya ngazi. Nilizimwaga kitandani nikachoka kuhesabu.

Akiba haiozi, wanasema. Sijui.
Jamu ya jozi ya bibi, iliyongoja wageni
tangu harusi ya mama, tuliifungua ikiwa na ndevu.

Asubuhi ile theluji ya mwisho ilikuwa inaanguka.
Nikamvisha bibi buti. Tangu vuli hajashuka,
magoti yamegoma. Tukashuka bure.
Uani akaonja theluji kwa ncha ya ulimi,
akasema ya mwaka jana ilikuwa na ladha.
Tukapanda: kling.
"Tena," akasema.
Tukashuka. Kling. Tukashuka. Kling.
Mara ya saba, kule chini, tukamkuta Badri
mwenye daftari la michango ya jengo,
anayetaka kujua Nugzari yuko wapi na nani atalipa.
Alikuwa anatujia, ameshalamba kidole, anafunua kurasa.

Sikufikiri. Nikarusha sarafu moja,
si miguuni pake, mbali,
kule kwenye ngazi za kuelekea stoo.

Akageuka.

Bibi alikuwa ameshabonyeza tisa.