Arubaini na Nne

Jumamosi, Gabrovo. Theluji imeziba madirisha ya chini.
Mwalimu Rumyana anagawa peremende, kisha fumbo:
watu kumi shereheni,
kila mmoja ampe mkono kila mwenzake.
Mikono itashikwa mara ngapi?

Tisa, nane, saba, vidole vinashuka ngazi.
"Arubaini na tano!" anadakia Desislava
kabla vumbi la chaki halijatua.

Kaloyan wa darasa la tatu
ameandika arubaini na nne.
Anafuta. Anaandika ileile.

"Umemsahau nani?"
"Sijasahau mtu, Mwalimu.
Mama na Baba watakuwepo wote wawili."

Bomba la joto linanguruma ukutani.
Kalamu nyekundu imeinuliwa, haishuki.
Mashindano ni keshokutwa;
huko, itabidi amwambie, watu wote husalimiana.

Atamwambia kesho.