Macho ya Mtu Asiyekuwepo

Kanuni ya Arobaini na Sita haina haya,
inauliza yale ambayo hata mama mkwe hayaulizi:
umepinda kiasi gani?
ukimulikwa, unarudisha mwanga asilimia ngapi?
siku ukivunjika, vipande vyako vitashikwa na nani?
Nami, Qiu Baozhen, karani wa nyaraka
katika kiwanda cha ghorofa tatu mjini Ruian,
namjibia kioo, kisanduku kwa kisanduku,
kamusi kushoto, chai kulia, imeshapoa.

Nilikutana naye ukurasa wa kumi na tisa.
Dereva asiye na jina, mikono wala miguu,
macho mawili tu yaelea juu ya kiti,
milimita mia sita thelathini na tano kwenda juu,
sitini na tano baina ya jicho na jicho.
Ulaya wamempima kabla hajazaliwa.
Na ni sharti aone, huyo asiyekuwepo,
barabara ya upana wa mita nne
kuanzia mita ishirini nyuma yake.
Nikaweka kalamu chini.
Mimi nani aliwahi kunipimia
kiasi cha nilikotoka ninachopaswa kukiona?

Jumanne ikawa siku ya nyundo.
Kilo sita na gramu mia nane, imevishwa mpira,
ikainuliwa nyuzi sitini, ikaachiwa.
Bwana Thilges wa Luxemburg hakupepesa.
Kioo kikapasuka. Hilo kanuni husamehe.
Vipande vikamwagika sakafuni
kama mtama wa gunia lililotoboka,
na hilo haisamehe.

Meneja Lou akasoma dari.
Gundi ilibadilishwa mwezi wa tatu,
akiba ya senti mbili kwa kila kioo.
Nyani haoni kundule,
nasi tuliouza vioo vya kutazamia nyuma
hatukugeuka hata mara moja.

Kisha Kuang wa gundi, vidole vimepauka,
akasimama kwenye benchi lake bila kuitwa:
"Ni mimi niliyepaka. Niliwaambia haishiki.
Hakuna aliyeandika."

Mgeni akanigeukia mimi, mkalimani wao.
Lou naye akanigeukia.
Ningeweza kusema: anasema joto lilizidi.
Maneno manne, na wote tungekula chakula cha mchana.
Nikatafsiri. Yote.
Hata lile "niliwaambia".

Cheti kilikuja Novemba, baada ya gundi ya zamani kurudi:
herufi E, namba kumi na tatu pembeni yake,
duara sawa na kifungo cha koti.
Fundi aliichonga kwenye kalibu
na vijana wakapiga picha, wakicheka, vidole viwili juu.
Kuang hakuwamo pichani.
Mkataba wake haukurefushwa, ndivyo barua ilivyosema.
Barua niliipiga chapa mimi.
Haikuwa na kosa hata la nukta.

Jioni narudi kwa pikipiki yangu ya umeme.
Kioo chake nilikinunua sokoni, yuan kumi na mbili,
hakina duara, hakina herufi, kinatetemeka;
kwa ajili ya macho yangu hakuna aliyejaza fomu.
Malori yetu yananipita kuelekea bandarini,
makasha yamefungwa, yameandikwa: Shika Taratibu.
Kwenye taa nyekundu nainamisha kichwa,
nashusha macho mpaka kimo cha yule asiyekuwepo,
nazitafuta mita zangu nne za barabara.

Naona bega langu.
Nasogea, naona bega langu tena.