Hesabu ya Tende

Elfu moja na mia tano, kaniandikia bibi wa lishe,
na siku za mazoezi niongeze mia mbili.
Karatasi ipo kwenye friji, hapa Mawaleh,
imebanwa na sumaku ya duka la gesi.

Alfajiri, jua halijanoa kisu,
nazunguka bustani ya mtaa mara saba.
Saa ya mkononi inanipigia makofi.
Nikirudi, njaa imenitangulia mlangoni.

Tende moja, ishirini na ushei.
Halwa sikuipima:
nililamba kijiko, nikaandika "maji".

Jioni kaja shangazi Shinuna na birika lake.
"Umekwisha, mwanangu! Nani kakunyima?"
(Nimepungua kilo moja na nusu.)
Nikajumlisha kwa simu, chini ya mtandio.
Yeye tende tatu, kahawa mbili,
kisha akaitikisa finjani kwa vidole,
kulia, kushoto:
basi.
Halafu akaomba halwa ya kwenda nayo.

Usiku, mume wangu kanyanyua upawa,
wali wa pili, unafuka iliki.
Sikukumbuka namba yoyote.
Mkono ulijitikisa wenyewe,
mtupu, bila finjani.